R ya Mwalimu Phelista

Kama ulisoma shule yoyote ya upande wa Ndalu kati ya mwaka wa themanini na sita na juzijuzi tu hapa, huhitaji kuambiwa Mwalimu Phelista Nakhungu ni nani. Masikio yako yanamjua, maana aliyavuta. Kama hukusoma huko, basi kaa nikusimulie, na usinikatize, kwa sababu ukinikatiza nitaanza upya.

Mama huyu aliitwa Mama Dikshenari, na hakuitwa hivyo kwa mzaha. Alitembea na kamusi yake ya Kiingereza kila mahali, kubwa, ya jalada la bluu, imefungwa kwa blada ya baiskeli, ule mpira wa ndani ya tairi, ili kurasa zisitawanyike njiani. Alienda nayo shuleni, kanisani na mazishini. Siku ya kumzaa Joan, kitinda mimba wake, inasemekana alimsahihisha nesi sarufi katikati ya uchungu. Hayo ya nesi mimi siyathibitishi, lakini ya kamusi nayathibitisha, niliiona kwa macho yangu.

Kitu ambacho Mwalimu Phelista alikichukia kuliko panya ghalani ni neno la kubuni. Kiingereza cha mtaani, Kiingereza cha simu, Kiingereza kilichozaliwa jana jioni na leo asubuhi kinataka kupewa kiti, vyote alivifukuza mlangoni. Joan alipokuja kutoka Nairobi akaonja mboga za mamake na kusema, "Mum, hii mrenda iko lit," Mwalimu aliuliza, "Nani ameiwasha?" Siku nyingine Joan alisema rafiki yake wa kazini ni GOAT, yaani hakuna anayemfikia kwa kazi nzuri. Mwalimu alimpa pole, akauliza kama wazazi wa huyo msichana wamejulishwa. Joan alicheka mpaka akakaa chini, lakini mamake hakuwa anatania. Kwake yeye neno lilikuwa kwenye kamusi au halikuwa neno.

Sasa basi. Kila mwaka huko Kitale kunakuwa na mashindano ya hotuba za Kiingereza kwa watoto wa gredi ya nane. Aliyeyaanzisha ni Mzee Harnam, mwenye duka la kamba, magunia na vyuma karibu na soko. Shule ya mshindi inapewa kombe, na kombe si kitu, kombe ni bati tu. Cha maana ni kabati. Kabati zima la vitabu mia mbili, vipya, bado vinanukia gundi. Mwaka huu jaji mkuu alikuwa Mwalimu Phelista, aliyestaafu miaka mitatu nyuma na kuhamia Bungoma mjini, na masharti yote ya mashindano aliyaandika yeye kwa mkono wake. Sharti la saba lilikuwa fupi kabisa: Atakayeleta neno la mtaani au la kubuni, atakatwa alama tano.

Na moyoni, ukweli usemwe, lile kabati alilitamani liende Ndalu. Shule aliyofundisha tangu ujana wake ilikuwa inahifadhi vitabu ndani ya gunia la mahindi, gunia limening'inizwa kwenye boriti ili mchwa wasilifikie. Lakini jaji ni jaji. Alijiapiza kwamba hata mtoto wa Ndalu akiteleza, atamkata kama wengine.

"Mwalimu," mumewe Mukhwana alimwambia asubuhi ile wakiwa ndani ya pikapu yao, wameshaipita Chwele, "leo utawakata wangapi?"

"Watakaojikata wenyewe."

"Na wewe ukikosea, nani anakukata?"

"Endesha gari, Baba Joan."

Mukhwana alikuwa mkulima wa mahindi, mtu wa kucheka, na Kiingereza chake kilimtosha kununua mbolea. Aliendesha gari huku akijichekea peke yake hadi Kitale.

Ukumbi wa kanisa ulijaa pomoni. Wazazi wengine walisimama madirishani. Mezani mbele walikaa majaji wawili tu, Mwalimu Phelista na kamusi yake upande huu, na upande ule Madam Ankita, mwalimu kijana wa pale Kitale, na simu yake. Mzee Harnam alikaa pembeni karibu na kabati la vitabu, kilemba chake cheupe kimepigwa pasi vizuri, na watu walikuwa wameanza kunong'ona tangu asubuhi, kwa sababu mmoja wa washindani alikuwa Manpreet, mjukuu wake mwenyewe. Ati mwenye kabati ndiye mwenye mjukuu, kwa hivyo kabati halitatoka Kitale. Watu wakikosa la kusema hawakosi la kunong'ona.

Watoto walikuwa kumi na mmoja, na Mwalimu alianza kukata mapema. Kijana mmoja wa Kitale, shati limechomekwa safi kabisa, alisifu chapati za mamake kwa kusema kwamba zile chapati *hit different*.

"Zilimpiga nani?" Mwalimu akamuuliza kwa Kiingereza.

Ukumbi ukaangua kicheko. Alama tano zikaenda. Mwingine akasema hakuwa anadanganya, *no cap*, na Mwalimu akaangalia kichwa chake kuona kama kuna kofia. Tano zikaenda. Mwingine alimwita Gavana *bro*, huyo naye akakatwa kabla hajafika kituo cha sentensi. Manpreet alipopanda alisema Kiingereza kisafi, kimenyooka, akapata alama themanini na moja, na hakuna aliyemfikia. Mzee Harnam alijaribu kutotabasamu, akashindwa.

Wa mwisho alikuwa msichana mwembamba wa Ndalu, sweta lake la shule limeshonwa kiwiko kwa uzi wa rangi nyingine. Jina lake Nasimiyu. Alisimama, akatazama ukuta wa nyuma, akaanza.

Alisema kwao nyumbani kuna vitu vyenye nguvu. Kuna jembe, kuna fahali wa jirani, kuna mlango ambao upepo haujawahi kuushinda. Lakini kitu chenye nguvu kuliko vyote ni laini. Ni kitambaa cha zamani kilichozungushwa duara, mama yake anakiweka kichwani kabla ya kujitwika gunia la viazi kwenda sokoni. Gunia linabana kutoka juu na mama anasukuma kutoka chini, na katikati yao kile kitu laini kinabeba uzito wote wala hakisemi kitu. "Na mimi," alisema yule mtoto kwa Kiingereza kilichotulia, "nikiwa mkubwa nataka kuwa kitu hicho kwa mama yangu. *I want to be my mother's crandle.*"

Makofi yakaja yote kwa pamoja, mama mmoja dirishani akalia waziwazi, na Mzee Harnam akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Majaji waliandika alama zao, wakajumlisha, ikawa themanini na nne. Kabati lilikuwa linaenda Ndalu.

Lakini Mwalimu Phelista hakupiga makofi. Mikono yake ilikuwa imeishika kamusi. *Crandle*. Alikuwa amelisikia vizuri, na R yake imenyooka kabisa.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, usinune.

Mwaka wa themanini na saba Mwalimu Phelista alikuwa na miaka ishirini na mitano na kazi yake haijathibitishwa. Siku moja mkaguzi akatoka wilayani, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu, akakaa nyuma ya darasa la nne na daftari lake magotini. Asiporidhika, Phelista anarudi kwao kulima. Ubaoni alikuwa ameandika maneno ya siku hiyo, *candle, handle, cradle, saddle*, na somo lilikuwa linaenda vizuri, mpaka mtoto mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono. Mtoto huyo aliitwa Edah, naye alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kuteka maji, na ingata ya majani ya mgomba bado ilikuwa mkononi.

"Ticha, hii inaitwaje kwa Kiingereza?"

Phelista hakujua. Tangu azaliwe alikuwa amebeba mitungi juu ya ingata na hajawahi kujiuliza Waingereza wanaiitaje. Mkaguzi aliinua kichwa. Phelista akatazama ubao, akaona *candle*, akaona *cradle*, na mdomo wake ukafunguka bila ruhusa.

"*It is a crandle.*"

"*Clandle!*" darasa lote likaitikia.

Na kwa sababu mtu mwenye hofu hupiga kelele, Phelista alianza kuitetea R ya neno ambalo halikuwepo. Si *clandle*! R! *Crandle*! Darasa likajaribu, wengine wakafaulu, lakini ulimi wa Edah ulikataa kabisa. Ulimi wa watu wetu unajua L na R kama mapacha, ukimwita mmoja anakuja mwingine. Mwalimu akamtoa nje, akamsimamisha kwenye mlingoti wa bendera kurudia lile neno mpaka saa ya chakula. Mkaguzi alipoondoka alimpa Phelista mkono. "*Crandle*," akasema, akigusa daftari lake. "Walimu wengi hawalijui hilo." Yaani hata yeye hakulijua, na hakutaka ijulikane.

Jioni ile Phelista alifungua kamusi. Alikuta *cranberry*, na chini yake *crane*. Katikati hapakuwa na kitu. Alikusudia kusahihisha kesho yake, wallahi alikusudia, lakini kesho yake hakuwa na ujasiri, na kesho kutwa barua ya kumthibitisha kazini ikafika ikisifu msamiati wake. Akanyamaza. Hakulitamka tena lile neno maishani, akajiambia limekufa. Hata Mukhwana hakumwambia. Ndipo alipoanza kutembea na kamusi kila mahali, na watu wakadhani ni maringo.

Tumerudi Kitale sasa.

"Mwalimu," Madam Ankita alimnong'oneza, "samahani. Hilo *crandle*. Nimelitafuta kwenye simu, silioni."

"Labda ni la zamani," Mwalimu akasema, na sauti yake haikuwa yake.

"Ndiyo, nami nimefikiria hivyo. Tuangalie kwenye kamusi yako kubwa?"

Binti mwenyewe hakuwa na ubaya wowote, uso wake ulikuwa unaomba lile neno lipatikane. Mwalimu akafungua blada. Hakuhitaji kutafuta, kurasa zilijifungua zenyewe pale palipochakazwa na vidole vyake. *Cranberry. Crane.*

"Haliko," akasema.

Hapo, ndugu msomaji, angeweza kusema. Nami ningependa kukuambia alisema. Lakini alifikiria Joan akisikia. Alifikiria watu wote aliowavuta masikio, ambao sasa ni machifu na wachungaji, wakisikia kwamba Mama Dikshenari alitunga neno na kumsimamisha mtoto mlingotini kwa ajili yake. Akafunga kamusi, akaitikia kwa kichwa, na Madam Ankita akasimama kutangaza.

"Nasimiyu alikuwa na alama themanini na nne," alisema. "Lakini kwa sharti la saba, kuna neno ambalo haliko katika Kiingereza. Anabaki na sabini na tisa. Mshindi ni Manpreet."

Upande wa Ndalu ukaguna kwa pamoja. Manpreet mwenyewe hakusimama, alibaki ameshika kiti. Nasimiyu alikuwa bado jukwaani, akazungumza.

"Madam, si neno la kubuni. Mama yangu alifundishwa shuleni." Akageukia meza ya majaji. "Alifundishwa na Mwalimu Phelista."

Vichwa vyote viligeuka kwa wakati mmoja. Kule nyuma mwanamke mmoja alikuwa ameshasimama, leso begani, viatu vyake vya sokoni vimekauka tope. Miaka thelathini na minane ilikuwa imepita, lakini Mwalimu Phelista alimtambua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu alikuwa ameinua mkono kama mtoto wa darasa la nne.

"Mwalimu, mulembe," Edah alisalimia. "Ni mimi, Edah. Pole kwa kukusumbua mbele ya watu. Hiyo neno nilijua nimeitoa kwako, lakini sasa naona pengine nilisikia vibaya. Unajua vile mimi na hiyo R tulikuwa. Pengine ulisema kitu ingine na mimi nikabeba yangu. Sasa tafadhali mtoto asilaumiwe. Makosa ni ya sikio yangu."

Akaketi. Hakukuwa na kijembe ndani ya maneno hayo, hata kidogo. Alikuwa anaamini.

Mwalimu Phelista alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, moto kabisa. Angeweza kuvumilia kutukanwa. Hakuweza kuvumilia Edah kulilaumu sikio lake. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, hakukiokota. Na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, alisimama mbele ya ukumbi akasema Kiswahili.

"Edah, hukusikia vibaya. Ulisikia sawasawa. Mimi ndiye nililibuni."

Akaweka kamusi mezani.

"Mliniuliza ingata inaitwaje, nami sikujua. Mkaguzi alikuwa ameketi pale nyuma, nikaogopa kufukuzwa. Nikatunga neno. Halafu nikamsimamisha mtoto wa watu kwenye jua kwa sababu alikosea kutamka kitu ambacho hakipo. Miaka thelathini na minane nimewakata watu kwa maneno ya kubuni, na langu nimelificha. Nimeona haya kila siku." Akafuta uso kwa kiganja. "Nisamehe, Edah."

Sauti ya Mukhwana ikatoka mlangoni.

"Wele wange, Mungu wangu! Mimi naishi na huyu mama miaka thelathini na sita na sijui! Kumbe hata ile *crandle* ninayoagiza ya kubebea mbegu ni wewe umezaa?"

"Wewe pia unasema *crandle*?" Mwalimu akashangaa. "Tangu lini?"

"Si kila mtu anasema! Nikiwa na wewe ndio naogopa, maana unasahihisha!"

Hapo ukumbi ukapasuka. Watu wakaanza kuinua mikono, mmoja baada ya mwingine, kama vile wanakiri dhambi kanisani. Mchungaji Khisa kutoka Tongaren akasema aliwahi kulihubiri, ati Bwana ni *crandle* yetu, na waumini wote walisema amina. Kinyozi mmoja akasema Ndalu nzima hakuna anayejua jina lingine. Dereva wa basi la shule akasema kwao Lugulu wanaliita *krando* tu, na alidhani ni Kibukusu.

Mzee Harnam naye akasimama, na watu wakamgeukia, kwa sababu mjukuu wake ndiye aliyekuwa ametangazwa mshindi.

"Dukani kwangu," alisema, "nashona hizo vitu za turubai na sponji. Wabebaji wa sokoni wanachukua, akina mama wanachukua. Miaka mingi nyuma watu wa Ndalu walikuja wakiuliza, una *crandle*? Nikaona aibu kusema sijui Kiingereza ya kitu ninachouza. Nikaandika ukutani kwa rangi, CRANDLES, herufi kubwa. Iko mpaka leo, tokeni nje muone. Nikadhani ni Kiingereza cha Uingereza." Akacheka mpaka kilemba kikatikisika. "Madam Ankita, wewe una hiyo simu. Kiingereza sanifu inaita hiyo kitu nini?"

Madam Ankita alikuwa tayari anapekua, vidole vinakimbia. Alipekua, akapekua tena, akainua macho.

"Naona maelezo tu," akasema. "Maneno matatu, manne ya kueleza ni kitu cha kuweka kichwani chini ya mzigo. Lakini jina moja, la hivi tu, sijaliona."

"Kwa hivyo," alisema Mzee Harnam, "neno la Mwalimu halijachukua kiti ya mtu."

Manpreet akainua mkono wake. "Hata mimi," alisema, akiona haya, "kwenye hotuba yangu nilisema *vibe*. Nilisema haraka, hamkusikia."

Babu yake akajishika kichwa kwa mikono miwili, watu wakacheka mpaka machozi, na Manpreet mwenyewe akacheka pamoja nao.

Mwalimu Phelista alikuwa bado amesimama. Aliokota karatasi ya masharti, akavaa miwani.

"Sharti la saba niliandika mwenyewe," alisema, "na sitalipinda leo kwa sababu linanibana. Linasema, atakayeleta neno la kubuni, atakatwa alama tano. Halisemi atakayelitumia. Linasema atakayelileta. Huyu mtoto hakulileta, alilikuta kwao kama alivyokuta sufuria na kuku. Aliyelileta ni mimi. Nikate mimi, Madam."

"Lakini Mwalimu," Madam Ankita alisema, akijitahidi kubaki na uso wa kazi, "wewe huna alama."

"Basi nikateni jina. Kuanzia leo msiniite Mama Dikshenari."

"Aaa wapi!" ukumbi mzima ukamjibu kwa sauti moja, na suala hilo likaishia hapo hapo.

Madam Ankita akaandika upya. Nasimiyu themanini na nne. Manpreet, kwa kuungama mwenyewe, sabini na sita, na alikuwa wa kwanza kukimbilia jukwaani kumkumbatia mwenzake. Kabati likaanza safari ya Ndalu hapo hapo, nyuma ya pikapu ya Mukhwana, limefungwa kwa kamba za Mzee Harnam. Chini ya kila pembe yake waliweka *crandle* moja ya turubai, kusudi mbao zisikwaruzike.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Mwalimu alimfuata Edah nje. Alikuwa na kamusi kifuani. Aliifungua juu ya boneti ya pikapu, akachomoa kalamu yake nyekundu, ile aliyokatia watoto alama tangu asubuhi, akampa.

"Liandike wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeuliza. Bila wewe lisingezaliwa."

Edah alifuta mikono kwenye leso. Alishika kalamu, akainama, akasimama tena.

"Mwalimu, kwa R ama kwa L?"

Mwalimu Phelista alimtazama. Aliona ule mlingoti, aliona jua la siku ile.

"Wewe ukiwa kwako, unalisemaje?"

Edah aliinamisha macho, akitabasamu kwa aibu. "*Clandle*. Huyu mtoto ndiye nilimfundisha R yako. Nilimkazia sana, ili asije akasimamishwa."

Mwalimu akazikamata kurasa mwenyewe, akaipita *crane* kurudi nyuma, mpaka pale penye *clan* na *clandestine*, akagonga kwa kidole nafasi ndogo nyeupe iliyokuwa chini yake.

"Andika hapa."

Edah akaandika polepole, herufi kwa herufi, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo. Alipomaliza alisogea, akangoja kama wanavyongoja wanafunzi. Mwalimu Phelista aliinamia ukurasa, akalikagua neno lote kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ile L akaiona kwa macho yake mwenyewe. Akachukua kalamu nyekundu, akaweka tiki.